Mshahara wa Mtumishi Alalaye Kwake

(Maneno ya mazungumzo kwa waajiri na watumishi wa nyumbani)

Wasikilizaji, kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, watu wengi hushika njia kwa miguu kutoka Kawangware kwenda Lavington, kutoka Kangemi kwenda Loresho, na kutoka Kibera kwenda Kilimani. Huko Mombasa wako watokao Kongowea kwenda Nyali, na wako wavukao kwa feri ya Likoni pamoja na umati wa waendao kisiwani. Walio wengi ni wanawake. Huchukua mfuko mdogo wenye leso na nguo ya kazi, na pengine chakula cha mchana. Ifikapo saa moja asubuhi wamekwisha kufika mlangoni kwa mwajiri, na jioni hurudi makwao. Hawa ndio watumishi wa kwenda na kurudi, nao wametofautiana na wale wanaopewa chumba nyuma ya nyumba ya mwajiri, au walalao ndani pamoja na watoto. Mazungumzo haya yahusu malipo yao, yaani mshahara, fedha ya nyumba, nauli na chakula.

Liko wazo moja lililoenea katika nyumba nyingi, nalo ni hili: mtumishi alalaye kwake ana uhuru zaidi, haamshwi usiku mtoto anapolia, kwa hiyo yafaa alipwe kidogo kuliko yule wa ndani. Mwenye wazo hilo hana nia mbaya. Huwaza saa za kazi tu, akasahau kwamba yule wa ndani amekwisha kupewa nyumba, maji, taa na mara nyingi chakula, bila kulipa hata senti. Yule wa kwenda na kurudi hujinunulia hayo yote kwa mshahara ule ule. Basi akilipwa sawa na mwenzake, amelipwa pungufu. Na akilipwa chini ya mwenzake, amepunjwa mara mbili.

Sheria ya Kenya haikubaliani na wazo hilo hata kidogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mwajiriwa wake nyumba ya kufaa, kazini au karibu na kazini, kwa gharama ya mwajiri mwenyewe. Na kama hampi nyumba, amlipe fedha ya kutosha ya kodi juu ya mshahara wake. Neno la kushika hapo ni ‘juu ya mshahara’. Nayo amri ya jumla ya mishahara imeweka kipimo cha fedha hiyo, kwamba isipungue asilimia 15 ya mshahara wa kima cha chini.

Kima chenyewe hutangazwa na Serikali, na hubadilika kila baada ya muda. Kile kilichoanza tarehe 1 Novemba 2024, kwa mtumishi wa nyumbani katika Nairobi, Mombasa na Kisumu kilikuwa Shs. 16,113/75 kwa mwezi. Safu hiyo hiyo ina yaya, mfagizi, mtunza bustani na mlinzi wa mchana. (Mpishi yumo katika safu nyingine iliyo juu kidogo, jambo ambalo husahauliwa sana na waajiri wanaomwajiri mtu kufua nguo, kisha wakamkabidhi na sufuria.) Asilimia 15 ya kima hicho ni Shs. 2,417/06. Ukijumlisha, mtumishi wa mjini asiyepewa nyumba hakutakiwa kupata chini ya Shs. 18,530/81. Katika miji midogo na mashambani kima kilikuwa cha chini zaidi, lakini asilimia 15 ya nyumba ni ile ile kila mahali.

Ni kweli kwamba wengi hawapati fedha hizo. Wako wanaolipwa Shs. 12,000, wako wa Shs. 8,000, na wako wanaoambiwa mwishoni mwa mwezi wangoje mpaka tarehe 5, kisha mpaka tarehe 10. Lakini kabla ya kuwazungumza hao, na aangaliwe kwanza yule aliyebahatika kupata kima kamili, ili ionekane fedha hiyo huenda wapi.

Ichukuliwe mfano wa mama mmoja mwenye watoto wawili, akaaye katika chumba kimoja cha mabati na kufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Ameshika Shs. 18,530. Kwa viwango vilivyokuwapo mwisho wa mwaka 2024, makato ya bima ya afya ya jamii, ya akiba ya uzeeni na ya nyumba za bei nafuu yakaribia Shs. 1,900. Chumba chake na kiwe cha Shs. 4,000. Nauli, akipanda matatu kwa Shs. 50 asubuhi na Shs. 50 jioni, ni Shs. 2,600. Mtoto wake mdogo hajaanza shule, naye humwacha kwa mama jirani anayelea watoto wa watu kwa Shs. 100 kwa siku. Hiyo ni Shs. 2,600 nyingine. Zimebaki Shs. 7,430. Humo mtatoka unga, mafuta, sabuni, makaa au gesi, maji ya mtungi, karo na madaftari ya mtoto mkubwa, na kitu cha kumpelekea mama mzazi nyumbani.

Katika hesabu hiyo jambo moja latazamwa mara chache, nalo ni huyo mtoto aliyeachwa kwa jirani. Mtumishi hulea mtoto wa mwajiri ili apate fedha ya kumlipa mtu wa kulea mtoto wake. Mwajiri akichelewa kurudi kwa saa mbili, jirani naye adai nyongeza, au akasirike na kumtoa mtoto akae mlangoni peke yake gizani. Uchungu huo hauonekani katika hesabu za mwajiri, lakini ndio unaowafanya watumishi wengi waache kazi ghafula bila kueleza sababu.

Yafaa pia ikumbukwe asili ya mishahara midogo mijini. Katika miaka ya kwanza baada ya vita kuu ya pili, kima cha chini mjini Nairobi kilipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke mjini, kwa sababu ilidhaniwa kwamba mkewe na watoto wapo shambani na hujilisha wenyewe. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilipinga kipimo hicho, ikashauri mshahara upimwe kwa mahitaji ya mtu na jamaa yake. Miaka mingi imepita, lakini kipimo cha mtu mmoja bado kimo katika vinywa vya watu. Husikika mwajiri akisema, “Kwani yeye hutumia nini?” Ukweli ni kwamba mtumishi wa kwenda na kurudi hasa ndiye mwenye jamaa mjini. Asingekuwa na watoto wa kurudia, pengine angekubali kulala kazini.

Sasa suala la nauli. Sheria haikuitaja nauli ya kwenda kazini na kurudi, na kwa hiyo ugomvi mwingi huanzia hapo. Mvua ikinyesha, nauli ya matatu hupanda asubuhi ile ile. Jikoni husikika maneno kama haya:

“Mama, nauli imepanda tangu juzi. Jana nimetembea mpaka nyumbani.”

“Dada, na mimi mshahara wangu je, umepanda? Hata mafuta ya gari siwezi.”

“Sikatai, Mama. Lakini nikitembea nafika nimechelewa, na nikichelewa wewe nawe wachelewa zamu yako.”

Huyo mwajiri ni muuguzi wa hospitali. Si tajiri, ana mshahara wa mwezi, ana deni la chama, ana watoto wa shule. Waajiri wengi wa watumishi wa nyumbani siku hizi ni watu wa namna yake, walimu, makarani, wenye maduka madogo, na haifai kuwazungumza kama kwamba wote wana majumba makubwa. Lakini mtumishi amesema neno la kweli. Bila yeye kufika saa moja, muuguzi hawezi kufika wodini saa mbili. Nauli ile ni sehemu ya gharama ya mwajiri kwenda kazini kwake mwenyewe. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi zenye busara huitenga nauli mbali na mshahara, wakaitoa kila Jumatatu mkononi kwa juma zima. Njia hiyo ni bora kuliko kungoja mwisho wa mwezi, na humfaa zaidi mtumishi mpya, ambaye mwezi wa kwanza hana kitu, na mara nyingi hukopa nauli kwa watu kabla hajaonja mshahara. Nauli ikipanda, huzungumzwa nauli peke yake, na mshahara hauguswi.

Wako waajiri wasemao kwamba fedha ya nyumba imo ndani ya mshahara. Sheria yaruhusu jambo hilo, ikiwa mapatano yenyewe yasema wazi kwamba sehemu fulani ya mshahara ni ya kodi ya nyumba. Lakini kusema tu kwa mdomo, tena baada ya ugomvi kuanza, hakutoshi. Kadhalika mshahara huo uliounganishwa hauwezi kuwa kisingizio cha kushuka chini ya kima kilichotangazwa pamoja na asilimia 15 yake.

Chakula nacho kina hukumu yake. Mwajiri hawajibiki kumlisha mtumishi isipokuwa wamepatana hivyo tangu mwanzo. Na wakipatana, yampasa ampe chakula cha kutosha kwa gharama yake. Desturi ya nyumba nyingi ni kwamba mtumishi hula chakula cha mchana pale pale kazini, na desturi hiyo ni njema. Lisilo jema ni kumhesabia chakula hicho kuwa ni malipo, akakatwa fedha mwisho wa mwezi kwa chai na mkate ambao hakuwahi kuambiwa kwamba vyauzwa.

Saa za kazi zinahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu mtumishi wa kwenda na kurudi huonekana kana kwamba siku yake ni fupi. Amri ya mishahara yasema juma la kazi lisizidi saa 52 kwa siku 6. Hiyo ni kama saa 8 na dakika 40 kwa siku. Basi mtumishi anayeanza saa moja asubuhi, akapewa saa moja ya kula na kupumzika, amemaliza kazi yake saa kumi na dakika 40 alasiri. Akikaa mpaka saa kumi na mbili jioni, kama wengi wanavyokaa, muda uliozidi ni kazi ya ziada. Saa moja ya ziada siku za kawaida hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili. Kanuni yenyewe ni kuugawanya mshahara wa mwezi kwa 225 ili kupata malipo ya saa moja. Kwa kima cha Novemba 2024 hiyo ni kama Shs. 71/60, na saa ya ziada ni kama Shs. 107/40. Fedha hiyo si kubwa. Mwajiri anayejua atachelewa anaweza kuiweka tayari pamoja na nauli ya usiku, maana mwanamke aliyetoka kazini saa mbili usiku hawezi kupita kwa miguu njia ile aliyopita alfajiri.

Kila juma ana haki ya siku moja nzima ya kupumzika, na kila mwaka siku 21 za kazi za likizo yenye mshahara kamili. Hapa pana desturi moja inayowaumiza watu kila Desemba. Mwajiri husafiri na jamaa yake kwenda nyumbani, hufunga mlango, akamwambia mtumishi, “Tutaonana Januari.” Mwezi ule hakuna mshahara. Mwenye nyumba wa Kawangware hatambui safari ya mwajiri, atadai kodi yake tarehe ile ile, na shule zikifunguliwa watoto watadaiwa karo kama kawaida. Iwapo mwajiri anataka mtumishi akae kwao wakati wa sikukuu, na amhesabie siku hizo katika likizo yake ya mwaka, akimlipa mshahara wote.

Wako pia wanaoitwa mama fua, ambao hufua nguo leo nyumba hii na kesho nyumba ile. Hao hulipwa kwa siku, na mara nyingi hupatana bei mlangoni kwa kutazama rundo la nguo. Hata hivyo kibarua hakibaki kibarua milele. Mtu akifanyishwa kazi siku mfululizo ambazo jumla yake yalingana na mwezi mmoja au zaidi, sheria humhesabu kuwa ni mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki zake. Mwajiri aliyemwita ‘wa siku’ kwa miaka miwili huku akimwona kila asubuhi atashangaa sana siku ya kuhesabiana.

Kwa mwajiri ambaye kweli hana uwezo wa kulipa mwezi mzima, iko njia ya haki. Na apunguze siku. Nyumba ya watu wanne haina kazi ya siku sita. Siku tatu huenda zikatosha kwa kufua, kupiga pasi na kusafisha. Mtumishi hulipwa kwa kiwango kamili cha siku hizo, na siku nyingine tatu hufanya kazi kwa jirani. Yako majumba ya ghorofa ambapo jamaa mbili au tatu wamepatana hivyo, na mtumishi huyo hupata zaidi kuliko mwenzake aliyefungwa nyumba moja kwa Shs. 8,000. Ugumu wake ni mmoja, kwamba kila mwajiri hutaka Jumatatu. Basi siku zigawanywe mapema na kuandikwa.

Na hilo la kuandika halihusu siku peke yake. Mtu akiajiriwa kwa miezi mitatu au zaidi, mapatano yapasa kuandikwa, na mwenye kazi ya kuyaandika ni mwajiri. Karatasi moja ya daftari yatosha: kazi gani, saa gani, mshahara kiasi gani, nyumba kiasi gani, nauli kiasi gani, chakula kipo au hakipo, siku gani ya kupumzika. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, kisha atie alama ya kidole. Waajiri wengine huogopa karatasi wakidhani ni silaha ya mtumishi. Mambo ni kinyume. Ugomvi ukifika barazani pasipo karatasi, mzigo wa kuthibitisha mapatano yalikuwaje humwangukia mwajiri, si mtumishi.

Na mzigo huo si mwepesi. Mwajiri aliyelipa Shs. 12,000 mahali pa Shs. 18,530/81 amebaki na deni la Shs. 6,530/81 kila mwezi. Kwa mwaka ni Shs. 78,369/72. Mtumishi aweza kudai ndani ya miaka 3, na kesi za watu wenye mshahara usiozidi Shs. 80,000 kwa mwezi huweza kusikilizwa na mahakama za mahakimu, bila kwenda katika mahakama kubwa ya kazi. Muuguzi yule wa mfano wa juu angezipata wapi fedha hizo kwa mkupuo mmoja?

Lakini mara nyingi jambo haliendi mbali kiasi hicho. Mtumishi mwenye lalamiko na amweleze kwanza mwajiri wake kwa heshima, mchana, si siku ya kupokea mshahara wakati nyoyo zimepanda. Asiposikilizwa, aende kwa Afisa wa Kazi wa kaunti yake, au katika ofisi ya chama cha KUDHEIHA, ambacho ndicho chama cha wafanyakazi wa nyumbani pamoja na wa mahoteli, shule na hospitali. Achukue kitambulisho chake na mapatano yaliyoandikwa kama yapo. Kama hayapo, achukue ujumbe wa M-Pesa wa mishahara aliyotumiwa, maana huonyesha tarehe na kiasi. Aliyelipwa taslimu na aanze leo kuweka daftari dogo, aandike siku aliyoingia, saa aliyotoka, fedha aliyopokea na nauli aliyotoa mfukoni. Asiyejua kuandika, mtoto wake wa shule anaweza kumwandikia kila jioni akirudi.